Kaimu Nyangumi

Ipo nchi moja huko chini kabisa ya dunia, pale ambapo mchora ramani alipofika karatasi ikamwishia, ndiyo maana ukiitafuta huioni. Ipo mpaka leo, asije mtu akasema tunamsengenya marehemu. Ina bendera, ina mawaziri, ina wimbo wa taifa ambao wananchi huimba ubeti wa kwanza na zilizobaki wakazipigia mluzi. Miti haina, shamba haina, na mvua yenyewe inashuka ikiwa imeshaganda. Lakini Mwenyezi Mungu hakuiacha mikono mitupu. Aliipa uduvi.

Uduvi wa kule si kama huu wetu wa kuanikwa juani na kuungwa kwa nazi. Ule ni mnene, mwekundu, na zamani ulikuwa ukija kwa wingi mpaka bahari inageuka rangi kama iliyomwagiwa pilipili ya kusaga. Nyangumi anakula huo. Pengwini anakula huo. Sili, ndege, samaki, wote ni huo huo, na asiyeula uduvi basi anamla aliyeula.

Watu wa kule wana desturi yao. Mgeni akiandaliwa chakula, mwenye nyumba hatii mkono kwenye sinia mpaka mgeni aseme, "Nimeshiba." Na mgeni wao mkubwa ni nyangumi, ambaye kila kiangazi huja kutoka mbali, safari nzima bila kutia kitu mdomoni. Basi wavuvi walikuwa wakikaa ufukweni na nyavu zao mapajani, wanamwangalia anavyokula. Akishajigeuza ubavu, akapuliza maji juu, akaanza kuelea kama baba wa watu baada ya pilau, mmoja wao husema, "Mgeni kashiba," ndipo nyavu zinapoingia majini. Waliishi hivyo, na uduvi ukaishi.

Kisha serikali ikanunua meli.

Zilikuwa meli ndefu za kunyonya uduvi kwa mrija, na kwa kuwa ni nchi ya watu wenye haya, zikapewa majina ya adabu: Kiasi, Kadiri na Inatosha. Uduvi walioufyonza ulikwenda nchi za mbali, ukawa chakula cha samaki wa kufugwa, na vidonge vya wazee wanaoogopa kufa, na kitoweo cha paka wanaolala juu ya mito. Wanunuzi wa huko wakauliza, "Uvuvi wenu ni endelevu?"

Waziri wa Bahari, Barafu na Matumaini, Mheshimiwa Shaibu Ngwali, akajibu bila kupepesa macho, "Ni endelevu mno. Sisi hatuvui mpaka nyangumi ashibe. Ni sheria."

Haikuwa sheria. Lakini kufika alasiri ilikuwa imeshakuwa.

*

Taabu ilikuwa moja. Maji yalikuwa yanapata joto.

Watoto wa uduvi hulelewa chini ya barafu, wanalamba ukoga wa kijani unaoota upande wa chini. Barafu ikipungua, na wao wanapungua. Ilikuwa inapungua kila mwaka, mpaka iliyobaki ya maana ikawa ile ya Ghuba ya Utulivu peke yake, na uduvi wote uliobaki ukajibanza humo. Nyangumi naye, aliyezoea kuukuta kila upande, sasa alizunguka huku na huku, akawa anachelewa.

Bungeni waliuliza. Mheshimiwa Ngwali alisimama, akarekebisha tai, akasema, "Mheshimiwa Spika, bahari yetu haijapata joto. Imepata ukarimu. Na barafu haijapungua. Imegatuliwa." Wakampigia meza mpaka glasi zikaanguka.

Lakini meli zilikuwa gatini, zimewashwa, zinanguruma, na mgeni hajafika. Sheria inasema ashibe. Ashibe nani? Ndipo Katibu wa Wizara, Bwana Mwinjaka, mtu mwembamba mwenye sauti ya mbu, alipomwinamia Waziri sikioni.

"Mheshimiwa, mkurugenzi akisafiri, ofisi hufungwa?"

"Ifungwe kwa nini? Anakaimu mtu."

"Basi na nyangumi akaimiwe."

Waziri akamgeukia. "Mwinjaka," akasema, "wewe mama yako alikula nini?"

Tangazo likatoka. Wanaume wenye vitambi vyao wakajaa Wizarani, kila mmoja akiamini amezaliwa kwa kazi hiyo. Kamati ya usaili ikawafukuza. Kamati haikutaka mtu mkubwa. Ilitaka mtu anayeshiba upesi.

*

Katika Ghuba ya Utulivu alikaa mjane mmoja, Bi Mize. Mumewe alichukuliwa na barafu miaka mingi nyuma. Tangu hapo maisha yake yalikuwa sala zake, saumu zake za Jumatatu na Alhamisi, na wavu wake wa mkono. Tumbo lake lilikuwa limezoea kidogo. Jirani yake, Bi Somoe, mwenye mdomo usio na mlango, alikuwa akisema, "Huyu ukimpikia, umejipikia mwenyewe."

Maneno hayo yakafika Wizarani. Wakamleta, wakampa bakuli la mchuzi wa uduvi mbele ya Kamati. Bi Mize akasoma Bismillahi, akala vijiko vichache, akafuta midomo.

"Alhamdulillahi. Nimeshiba."

Kamati nzima ilisimama. Mzee mmoja alitokwa na machozi.

Wakamwapisha. Kiapo alikiandika Bwana Mwinjaka, na alikiandika kikali ili wanunuzi wapendezwe: kwamba Kaimu Nyangumi hatasema ameshiba ila ameshiba kweli, kwa niaba ya nyangumi na kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwamba msimu ukishaanza, Kaimu hawezi kuondolewa na mtu yeyote, hata Waziri. Bi Mize aliapa kwa sauti ndogo. Kuapa kwa jina la Mungu kulimtia ubaridi mwilini, lakini alijiambia ni mambo ya sherehe, watu wakubwa wanapenda sherehe.

Siku ya kufungua msimu alikaa gatini, bakuli mbele yake, upepo unamkata. Akamwita Katibu.

"Mwanangu, hapa pana baridi. Hamna koti?"

Bwana Mwinjaka akafungua sheria, akamsomea taratibu kama anayemsomea mtoto. "Mama, kisheria hapa mpo wawili. Yupo Kaimu Nyangumi, na yupo Bi Mize. Kaimu Nyangumi hahisi baridi, kwa sababu nyangumi hahisi baridi. Anayehisi baridi ni Bi Mize. Na Bi Mize si mtumishi wa serikali."

"Kwa hiyo posho hii mnayolipana?"

"Ndiyo hivyo hivyo. Nyangumi hana matumizi."

"Haya, baba," akasema Bi Mize, akajifunika kanga yake ya pili. Lakini aliyasikia, na aliyoyasikia hakuwa mtu wa kuyasahau.

Kando alisimama mwakilishi wa wanunuzi, mgeni wa watu, masikio mekundu kwa baridi. Lugha ya kule hakuijua ila neno moja alilofundishwa, "nimeshiba". Akilisikia kutoka kwa Kaimu, anagonga muhuri, meli zinaondoka.

Bi Mize akala kidogo kidogo, akasema kweli kama ilivyokuwa tumboni mwake, "Nimeshiba." Mgeni akagonga. Mizinga ikalia. Kiasi ikatangulia, Kadiri ikafuata, na Inatosha ikaenda kunyonya kilichobaki.

*

Nyangumi alifika baadaye, meli zimeshaondoka.

Bi Mize na Bi Somoe walikuwa wakisuuza nyavu zao zisizo na kitu. Wakamwona anaingia Ghubani polepole. Mgongo ulikuwa umefanya bonde, ngozi imelegea kama nguo ya kuazima. Akafungua mdomo wake ule wa kumeza nyumba, akafunga, akachuja. Maji matupu. Akafungua tena. Maji matupu.

"Mgeni wetu kakonda," akasema Bi Somoe, na safari hii hakuwa na mzaha.

Bi Mize alikuwa ameacha kusuuza, wavu unamchuruzika miguuni.

"Wewe vipi? Umeona jini?"

"Somoe, mimi niliapa."

"Uliapa nini?"

"Kwamba ameshiba."

"Si ulisema wewe umeshiba?"

"Nilisema kwa niaba yake. Nimemtaja Mungu, nikasema huyu ameshiba. Mtazame."

Wakamtazama. Nyangumi akajigeuza, bila kupuliza maji, akatoka nje ya Ghuba kama mtu aliyekuta msiba kwenye nyumba ya harusi.

Majira yakapita, Bi Mize akalala na hilo na kuamka nalo. Alijua meli zikirudi zitakuja hapa hapa, kwenye kipande hiki cha barafu cha mwisho, na mrija ukishapita chini yake hakutakuwa tena na watoto wa uduvi wa kukua. Mgeni hatarudi. Na watu wa Ghuba watasugua vyungu vikavu. Na njia ya meli ilikuwa ni ulimi wake.

Akaenda kwa Maalim Haidari, mwalimu wao wa chuo cha Kurani.

"Maalim, aliyeapa kisha kiapo chake kikawa si kweli, afanye nini?"

"Atoe kafara. Alishe maskini kumi."

"Mimi mwenyewe ndiye wa kumi na moja."

Maalim akatabasamu. "Basi afunge siku tatu. Lakini kiapo ulikula kama nani?"

"Kama nyangumi."

Maalim akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hilo, mama, kitabuni sijakutana nalo."

"Lakini aliyeapa si ndiye anayefunga?"

"Aliyeapa ndiye anayefunga," akasema Maalim, na ndevu zikamcheza kidogo.

*

Sasa, jambo moja la nchi ile tulisahau kulisema, na serikali yake nayo ililisahau. Kule mwisho wa dunia, kiangazi kikianza, jua linachomoza na halizami. Linazunguka tu kandokando ya mbingu kama askari wa lindo, wiki kwa wiki, msimu mzima wa uvuvi, mpaka majira yageuke.

Kwa sala na saumu zao, watu walishafundishwa na Maalim wafuate saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana wake, na hivyo ndivyo walivyofanya bila matata. Dini haikuwaletea dhiki. Dhiki waliletewa na Wizara.

Siku ya kufungua msimu bendi ilipiga, mgeni wa muhuri alisimama tayari, meli zilinguruma. Bi Mize akaketi. Bakuli likaletwa, mvuke unapanda. Hakuligusa.

"Karibu, Mheshimiwa Kaimu," akasema Waziri kwa sauti ya redioni.

"Ahsante, mwanangu. Kaimu kafunga."

"Kafunga nini?"

"Saumu. Ana kafara ya siku tatu. Alikula daku kabla ya alfajiri ya mwisho, akatia nia, jua likatoka. Likizama atafuturu."

Waziri akatazama juu. Jua lilikuwa pale, jeupe, limetulia, halina haraka na mtu.

"Likizama lini?"

"Hiyo ni siku ya kwanza," akasema Bi Mize. "Bado mbili."

Bendi ikakosea noti. Bwana Mwinjaka akaja mbio, kijasho kinamtoka katika baridi ile. "Mama, mama! Jana nilikuona kwa macho yangu kwa Bi Somoe unakula mkate na chai!"

"Bi Mize huyo. Bi Mize hufuata saa za Maalim, naye hayumo katika kazi yenu. Wewe mwenyewe ulinisomea."

"Lakini ni mtu mmoja!"

"Mwaka jana tulikuwa wawili, baba. Niliganda hapa kwa sababu tulikuwa wawili."

Kutoka nyuma ya umati ikasikika sauti ya Bi Somoe: "Msomee tena, Katibu! Alikuwa hakusikia vizuri!" Watu wakacheka, mgeni wa muhuri naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Wakamwita Maalim. Waziri akamtaka atoe fatwa pale pale. Maalim Haidari akasema, "Mheshimiwa, juu ya binadamu nimekwisha sema: wafuate saa. Juu ya nyangumi wa serikali, waulizeni waliomuumba." Akawaaga, akaenda zake.

Waziri akajaribu upole. Akapiga goti mbele ya bakuli. "Mama yangu, neno moja tu. Taifa linakusubiri. Kuna shule za kujenga."

"Zile za mwaka jana mmeshajenga?"

"Zipo katika hatua."

"Basi na mimi nipo katika hatua."

Bwana Mwinjaka akamsogelea mgeni wa muhuri, akajigonga kifua na kumwambia, "Nimeshiba! Nimeshiba!" Mgeni akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwa Bi Mize.

*

Bunge likaitwa kwa dharura. Ukaletwa Muswada wa Machweo, unaompa Waziri mamlaka ya kuzamisha jua kwa tangazo la serikali, pale atakapoona inafaa kwa maslahi ya uchumi. Mbunge mmoja aliuliza kama jua limeshirikishwa. Akaambiwa akae. Waliosema ndiyo walisema, na walionyamaza wakahesabiwa kuwa wamesema kwa unyenyekevu.

Kesho yake askari walifika gatini na turubai jeusi la kufunikia meli. Wakalizungushia mahali pa Kaimu mpaka ndani kukawa kiza. Waziri akaingia na karatasi, akasoma kwa kumulikiwa na tochi: "Kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba jua limezama. Futuru njema."

Ikasikika sauti ya Bi Mize kutoka kizani, ya kawaida, kama anayeomba apishwe mlangoni. "Inua pindo kidogo hapo, mwanangu."

Askari mmoja, bila kufikiri, akainua. Mwanga ukaingia kwa nguvu, ukampiga Waziri usoni akafumba macho.

"Lipo," akasema Bi Mize. "Shusha."

Siku zikaendelea kuwa siku moja. Bi Mize alikuja kila asubuhi ya saa, akakaa mbele ya bakuli akivuta tasbihi, na akirudi nyumbani anakula ugali wake kama Bi Mize, kidogo, anashukuru. Wakampikia uduvi wa kukaanga, wakamsogezea harufu. Wakamwahidi koti. Akasema koti ni la Bi Mize, wampelekee nyumbani. Wakamtisha kumfukuza, lakini kiapo cha Bwana Mwinjaka kilisema Kaimu haondolewi, na kilisema hivyo kwa wino wa dhahabu.

Si kwamba hakuogopa. Jioni za saa, akiwa peke yake, alikuwa akijiuliza kama anamcha Mungu au anashindana na watu. Akaomba apewe alama. Hakupewa sauti wala ndoto. Alichopewa ni kwamba siku moja, askari wakiwa wanapiga miayo na bendi imelala juu ya ngoma zake, nyangumi aliingia Ghubani.

Mrija haukuwa umepita. Watoto wa uduvi waliosalimika chini ya barafu walikuwa wamekua, na bahari ilikuwa nyekundu. Akafungua mdomo, akafunga, akachuja, na hayakuwa maji matupu. Alikula siku nzima, na siku ilikuwa ndefu. Hatimaye akajigeuza ubavu, akapuliza maji juu mpaka yakawarukia wanamuziki.

"Mgeni kashiba," akasema Bi Somoe.

Bwana Mwinjaka akaruka. "Umesikia! Kashiba! Gonga muhuri!"

Mgeni wa muhuri alimtazama Bi Somoe, akamtazama Bi Mize, akangoja. Bi Mize akasema, "Sasa mwenyewe kaja, Bwana Katibu. Akija mwenyewe, kaimu ana kazi gani? Kamuulizeni yeye. Akiwajibu, mimi sina neno."

Akatumwa ofisa na kipaza sauti ndani ya mashua. Nyangumi alipuliza. Ofisa akarudi amelowa chapachapa, na taarifa ikaandikwa kwamba mazungumzo yalifanyika katika mazingira ya uwazi.

Jua lilipozama mara ya kwanza barafu ilikuwa imeshaanza kufunga bahari, na Kiasi, Kadiri na Inatosha zilikuwa zikivutwa kwenda kuegeshwa. Bi Mize akafuturu, tonge na maji. Siku mbili zilizobaki zilikuwa fupi, akazimaliza bila mtu kumtazama. Kisha wavuvi wa Ghuba wakaingia na nyavu zao za mkono, wakapata cha kutosha chungu.

*

Wanunuzi wa nchi za mbali walishangaa sana. Serikali iliyoacha uduvi baharini msimu mzima hawakuwahi kuiona. Wakatoa nishani ya uendelevu, wakasema apewe Kaimu Nyangumi mwenyewe, aje aipokee, tiketi ya ndege juu yao, hoteli juu yao.

Waziri alipoyasikia maneno "tiketi" na "hoteli" alielewa ghafla kwamba cheo hicho amekidharau. Bi Mize akapewa barua ya shukrani na kustaafishwa kwa heshima. Mheshimiwa Ngwali akajiteua mwenyewe kuwa Kaimu Nyangumi, akasafiri, akapokea nishani, akahutubia: "Serikali yangu ilifunga!" Na kwa kuwa sasa cheo kilikuwa na mtu wa maana, akakitungia kanuni mpya: Kaimu alipwe posho ya kikao kwa kila siku anayokaa mbele ya bakuli, mpaka aseme ameshiba.

"Safari hii hakuna saumu," akamhakikishia nahodha wa Kiasi. "Mimi sifungi. Waulize watu."

Msimu ukafunguliwa. Bendi, bendera, mgeni wa muhuri na masikio yake. Mpishi wa bakuli alitakiwa awe mtu anayejua kuupika uduvi, akaitwa Bi Mize, akaja na chungu chake. Waziri akakaa, akala bakuli la kwanza, la pili, akalegeza mkanda.

"Mheshimiwa, umeshiba?" akauliza Bwana Mwinjaka, mgeni wa muhuri akiwa ameshainua mkono.

Waziri akafungua mdomo kusema. Akalitazama bakuli. Akaitazama ile karatasi ya posho ya siku, iliyokwisha sainiwa, na chini yake ya kesho, bado nyeupe. Akafunga mdomo.

"Bado," akasema.

Ilikuwa kweli. Wakauliza kesho yake. Bado. Wiki iliyofuata, bado. Nahodha akalia machozi, Bunge likatuma ujumbe, lakini Kaimu haondolewi, wino ule ule wa dhahabu. Upepo ulipozidi Waziri akajikunyata.

"Mwinjaka, hapa pana baridi. Niletee koti."

Bwana Mwinjaka alifungua sheria. Hakupenda, lakini ndiyo kazi aliyoizoea. "Mheshimiwa, Kaimu Nyangumi hahisi baridi. Anayehisi ni Shaibu Ngwali, na Shaibu Ngwali kisheria hayupo hapa gatini."

Nyuma yao, Ghubani, kitu kikubwa kilijigeuza ubavu na kupuliza maji juu, taratibu, kwa raha zake. Hakuna aliyegeuka kutazama ila mpishi.

"Nikuongeze, Mheshimiwa?" akauliza Bi Mize.

"Ongeza, mama," akasema Waziri, meno yanagongana. "Ongeza."

Bi Mize akasoma Bismillahi, akachota.